Mwanafunzi Asiyepanda Meli

Hapa Wambaa, Pemba, mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu aliyepanda meli. Utamwona bandarini Mkoani asubuhi, godoro limefungwa kamba, begi zipu imeng'oka, na ndoo ya mikate ya kumimina ambayo mama mtu hakulala kwa ajili yake. Watu wanampa mkono. Mwenye elfu anatoa elfu, mwenye dua anatoa dua. Meli ikishapotea machoni, mtu huyo kasoma. Hata akifika Unguja akauza juisi Darajani miaka mitatu, akirudi ataitwa msomi, maana tulimwona kwa macho yetu akiondoka.

Mie sikupanda kitu. Asubuhi nasomesha Kiingereza watoto wa skuli, jioni nasomeshwa Kiingereza na chuo kimoja cha Uingereza, shahada nzima: lugha, fasihi na utamaduni wa wenyewe. Jina la chuo nalihifadhi, kwa sababu alama zangu bado wanazo wao. Darasa langu ni ukumbini kwetu, kiti cha plastiki, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Ningekaa chumbani nikafunga mlango, lakini mtandao wa nyumba yetu unaingia kwa mlango wa mbele na kuishia hapo hapo ukumbini, kama mgeni mwenye adabu zake. Basi kila apitaye njiani ananiona, na anachokiona si mwanafunzi. Anaona mtu mzima, mwenye mke na watoto, kakaa anatizama simu wakati wenzake wana kazi.

Kinara wa mawazo hayo ni mjomba wangu. Akipita alasiri husimama mlangoni, pakacha begani.

"Huna kazi leo?"

"Nasoma, mjomba."

"Najua unasoma. Nakuuliza kazi."

Nikaona nimweleze kwa vielelezo, kama tunavyofundishwa. Nikamwambia kusoma bila ya kuondoka si uzushi wa juzi. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiowahi kuikanyaga London tangu 1858, hata Mfereji wa Suez haujafunguliwa. Uingereza waliunda Chuo Huria chao 1969, na masomo yakawa yanarushwa na BBC saa ambazo watu wazima wamelala. Sisi wenyewe Tanzania tuna Chuo Kikuu Huria, kwa sheria ya 1992. Mjomba anasikiliza tu, hajaweka pakacha chini. Nikatoa turufu yangu: Mandela. Mandela, mjomba, alisomea sheria kwa posta akiwa Kisiwa cha Robben, kafungwa, mchana anapasulishwa mawe, usiku anafungua vitabu.

Mjomba akafikiri. "Mandela alifungwa," akasema. "Wewe nani kakufunga? Chukua kingoe twende."

Tukenda. Maana jambo jengine ambalo chuo cha Uingereza hakikulipigia hesabu ni karafuu. Wao mwaka wao wa masomo unafunguliwa Oktoba, na insha ya kwanza inatakiwa Novemba, miezi ambayo huku mikarafuu imeiva na kila mwenye mikono yuko juu ya mti au chini yake. Pemba zikija karafuu nyingi hata skuli zimewahi kufungwa ili watoto wakachume, wala hakuna aliyeona ajabu. Mie nikaomba kuongezewa muda wa insha. Kuna fomu ya mtandaoni, imepanga sababu zote zinazoweza kumpata binadamu: ugonjwa, msiba, kuhama nyumba, kuvunjika kwa kompyuta. Yangu haikuwemo. Nikachagua "nyenginezo", nikaandika kwa Kiingereza changu safi: karafuu. Jibu likaja baada ya siku mbili, limejaa huruma. Wanasikitika sana kusikia kuwa nasumbuliwa na karafuu, wananitakia nafuu ya haraka, na je, ningeweza kuwapelekea barua ya daktari?

Insha nikaiandika usiku, vidole vinanuka utomvu, shingo haigeuki kwa kuangalia juu mchana kutwa.

Halafu kuna hizi saa zao. Waingereza husogeza saa mwisho wa Machi, wakazirudisha mwisho wa Oktoba, na mchezo huo wameuanza tangu 1916. Siye huku jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima halina ugomvi na mtu. Kipindi changu cha saa saba mchana ya kwao, wakati wa baridi kinakuwa saa kumi alasiri ya huku, wakati wa joto kinakuwa saa tisa. Mke wangu hayaamini haya. Anadhani nimejitungia sababu ya kutokwenda sokoni, na kwamba kila baada ya miezi sita naibadilisha ili asinikamate.

Ramadhani ndiyo usiseme. Kipindi kimoja kiliangukia saa kumi na mbili jioni. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, huanza kila mara kwa kutwambia tuchukue kikombe cha chai tustarehe. Wakachukua. Mmoja kafungua biskuti mbele ya kamera, anazichovya. Mie koo limekauka, naiangalia ile biskuti inavyolegea. Na riwaya ya siku hiyo, kwa mipango ya Mwenyezi Mungu, ilikuwa Oliver Twist, yule mtoto wa Dickens anayesimama na bakuli lake kuomba aongezewe uji. Tukaulizwa uji ule unawakilisha nini. Watu wakasema unawakilisha sheria ya maskini ya 1834, ukatili wa dola, utoto ulioporwa. Uji mwenyewe mie naunusia jikoni, unakorogwa, una pilipili manga. Nikasema unawakilisha uji. Kukawa kimya, kisha mwalimu akaniambia hilo ni wazo zito sana.

Lakini siku ambayo nyumbani hawajaisahau ni ya mvua. Karafuu zilikuwa zimeanikwa mbele ya nyumba, majamvi matatu, ndiyo kwanza zinashika ule wekundu wa kuelekea kahawia. Karafuu ikinyeshewa hapo inaharibika rangi na kushuka daraja, na kwa kijiji chetu hilo ndilo daraja la kwanza pekee linalomshughulisha mtu. Nimo kwenye kipindi, naulizwa kuhusu kejeli katika riwaya ya Pride and Prejudice, kipaza sauti nimeshakifungua, mara mama yangu akapiga ukelele uani: "Mvuaaa!" Ukisikia hivyo huulizi. Anayekula anaacha, anayeoga anatoka na povu. Hata jirani ambaye hamsemezani atakuja kukushikia pembe ya jamvi, mkaanua pamoja, kisha mkaendelea kutosemezana. Nikatoka mbio. Simu nikaiacha pale pale, mbele ya bibi yangu aliyekaa mkekani anachambua.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya majina. Fomu ya chuo ilitaka jina langu na jina la ukoo. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu, tumemaliza. Basi la babu ndilo likafanywa la ukoo, mtambo wao ukalitanguliza, na mwalimu tangu siku ya kwanza ananiita kwa hilo. Babu yangu, Mungu amrehemu, alifariki kabla simu ya mkononi haijafika Wambaa.

Narudi nimelowa chapa, namkuta bibi kaifunika simu kwa kanga na kaiwekea mkono juu. Kumbe nilipotoka, mwalimu alikuwa akiita. Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini jina la mumewe analijua.

"Nani huyu mwanamke anayemwita babu yako?"

"Mwalimu wangu, bibi."

"Anamjuaje? Kamwita mara tatu. Na sauti kailegeza."

Nikamweleza habari ya fomu, na ukoo, na mtambo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo huko Ulaya anayesoma ni babu yako."

"Kwa jina tu, bibi."

"Basi na ada alipe yeye."

Siku hizi kipindi kikianza bibi hujitanda vizuri na kusogeza mkeka karibu na simu. Anasema hana wasiwasi na mtu, ila anataka kujua mwisho wake.

Mngedhani walau hicho Kiingereza chenyewe kinanipatia heshima. Kinanipatia kazi. Ami yangu aliniletea kijitabu cha mashine ya boti, kimechapishwa kwa herufi za chungu, nimsomee kwa nini inazima katikati ya maji. Nikasoma ukurasa mzima. Kila neno nalijua, nisichokijua ni kitu kinachotajwa: vali gani, kizibo gani, kiko upande gani wa mashine. Ami akanitizama kwa masikitiko, akamwita kijana mmoja anayefanya kazi kwenye boti za hoteli ya Fundu, hapa hapa ufukweni kwetu. Kijana huyo aliaga skuli mapema, na Kiingereza chake kakiokota kwa wageni, kidogo kina Kitaliano ndani. Hakukisoma kijitabu. Aliinama, akafungua kitu, akapuliza, akafunga. Mashine ikawaka. Kisha akapita mzungu na mkewe, wakamuuliza jambo, akawajibu, wakacheka wote watatu. Ami akanigeukia: "Huyu hajasoma. Wewe mwaka wa ngapi huu?"

Ningemjibu nini? Kwamba Kiingereza ninachosomeshwa mie wenyewe wameshakufa? Chaucer alifariki 1400. Nimekesha na mahujaji wake wanaokwenda Canterbury, kila mmoja anasimulia kisa njiani, na nimejua mwanamke wa Bath aliolewa mara tano. Ninaweza kumzungumza mwanamke huyo saa nzima. Hajawahi kutokea mgeni wa Fundu akaniuliza habari zake.

Na kuna hili la wizi. Mie nimekulia chuoni kwa maalim wa Kurani, ubao mapajani. Huko ukisoma sura kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuangusha hata irabu, unapigwa bega, mama yako anapelekewa salamu. Ukiongeza neno lako, unapigwa kwengine. Huku kwa Waingereza ukirudia maneno ya kitabu kama yalivyo wewe mwizi. Kuna programu kabisa inayokesha kukutafuta. Ilipita kwenye insha yangu ikatia rangi nyekundu sentensi moja, ikidai inafanana na ya mwanafunzi wa nchi nyengine nisiyejua hata bendera yake. Sentensi yenyewe ilisema Shakespeare alizaliwa Stratford mwaka 1564. Sasa nimzalishe wapi?

Nikafika kwenye somo la waandishi wasafiri, nikasema hapa nitapumua. Tukapewa kurasa za Evelyn Waugh, kitabu chake cha 1931, Remote People. Evelyn huyu ni mwanamume, na mkewe wa kwanza naye akiitwa Evelyn, lakini bwana huyo ndiye aliyetujia huku kuandika mambo ya ajabu ya watu wengine. Alipita Unguja, akaandika kuwa kisiwa chetu cha Pemba ndicho makao makuu ya elimu ya uchawi kwa upande huu wa dunia: wanagenzi wanatoka hadi maziwa makuu kuja kuhitimu, na ati hata Haiti wanakuja kutafuta siri za ndani kabisa. Wenzangu wote wakaigeukia kamera yangu. Mmoja akarudi nyuma kidogo kwenye kiti chake, kule Canada.

Mie nikalipokea kwa upande mwengine. Kama asemayo ni kweli, basi Pemba tulikuwa na chuo kikuu cha kimataifa kabla ya Makerere kutoa shahada hata moja, na hatukumtoza mtu fedha za kigeni. Nikamsimulia mjomba, nikidhani nimepata pa kumshika. Akafurahi sana.

"Umeona sasa? Hata hao walipanda meli."

Nikataja Abdulrazak Gurnah, ambaye darasani hunisumbua naye kila wiki, wakiniuliza kama ni jamaa yangu. Nawaambia yeye wa Unguja, mie wa Pemba, wanadhani nafanya kiburi. Mjomba habari za Gurnah anazo: aliondoka Unguja kijana katika miaka ya 1960, akaenda akasomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, 2021 wakampa Nobeli. "Aliondoka," akarudia, akashika njia yake. Riwaya ya Gurnah iliyomo kwenye mtaala wetu ni Paradise ya 1994. Ida Hadjivayanis keshaifasiri kwa Kiswahili, inaitwa Peponi. Mke wangu kaiazima kwa shoga yake na kuimaliza mie bado naitafuta ile ya Kiingereza. Sasa namuuliza yeye nini kinatokea mbele, naye hanambii mpaka niteke maji.

Na kwa kusema kweli, seminari inayonifaa inafanyika kwenye mkeka. Karafuu zikishachumwa zinachambuliwa usiku: unashika kichala, unakigeuza kiganjani, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanabaki kule. Mikono inakwenda yenyewe, midomo haina kazi. Wanakuja majirani, wanakaa duara, mkubwa wa baraza ni bibi. Usiku mmoja wakanitaka niwasimulie hicho ninachokisoma, nikawapa Pride and Prejudice, ya 1813. Nikawaambia kuna mzee mmoja, Bwana Bennet, ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Wote wakaguna. Nikawaambia akifa, nyumba na shamba vinakwenda kwa binamu, na mke na watoto hawapati kitu.

Bibi akasimamisha mkono. "Hawapati kwa nini?"

"Ndiyo sheria ya hapo, bibi. Shamba limefungiwa wanaume."

"Kwani hawana kadhi?"

Nikasema hawana. Akatikisa kichwa, akachukua konde la karafuu, akaanza kugawa mirathi pale pale juu ya mkeka. Mke, thumuni: akahesabu akaziweka pembeni. Mabinti, thuluthi mbili, wagawane watano sawasawa. Kilichobaki akakisukuma kwa kidole. "Hicho apewe huyo binamu, aende zake." Jirani mmoja akauliza kama Bwana Bennet keshakufa. Nikasema hapana, riwaya inakwisha yu hai. "Basi mie nampangia mapema," akasema bibi, "asije akawaachia ugomvi."

Binamu mwenyewe, Bwana Collins, walimmaliza vibaya. Nilipofika pale anapomposa binti mmojawapo, Elizabeth, akakataliwa, na siku chache tu baadaye akamposa shoga wa Elizabeth, karafuu ziliachwa kabisa. Mke wangu alisema huyo hakutafuta mke, katafuta mpishi. Jirani mwengine akamtetea yule shoga, Charlotte: ana umri, hana mali, nyumba kapata, mnataka afanye nini? Wakagawanyika kambi mbili mpaka karibu saa sita za usiku, kwa hoja ambazo wale wenzangu wenye maktaba za ghorofa hawajanisomea hata siku moja. Na Lady Catherine, yule shangazi mwenye kiburi wa riwaya hiyo, sikumaliza kumwelezea. Kila mmoja pale alikuwa na shangazi wa kufanana naye.

Insha nikaiandika kwa kufuata mgao wa bibi. Rasimu ikarudi, ubavuni pameandikwa neno moja: chanzo? Nikauliza bibi ananukuliwaje. Nikajibiwa kuna utaratibu wake, unaandika jina la msemaji, unatia "mazungumzo binafsi", na tarehe. Kazi ikawa kumpata bibi akubali. Jina lake liende Ulaya, kwa yule yule mwanamke mwenye sauti laini? Nilimbembeleza siku nzima. Akakubali kwa sharti kuwa niandike wazi mke anapata thumuni, maana hapo ndipo wanaume wanapojisahaulisha.

Alama zimekuja juzi. Insha yote mwalimu hakuigusa, kasifu aya ile moja ya bibi tu. Chini akaongeza swali: mtaalamu huyu niliyemnukuu ana maandishi mengine, na darasa linaweza kuyapata wapi? Nikamfasiria bibi. Akasema anayo mengi, lakini kwanza wamlipe Bi Bennet thumuni yake.